Uamuzi hufanyika ukishatoka: namna ya kueleza biashara yako mbele ya kamati

Nilikuwa afisa mikopo kwa miaka mingi hapa Dodoma, na kazi hiyo ilinipa kiti kwenye kikao ambacho mwombaji hakioni. Mwombaji anaingia, anaeleza biashara yake kwa dakika kumi, anaulizwa maswali, anashukuru, anatoka. Mlango ukishafungwa ndipo kikao chenyewe kinaanza. Mwenyekiti anauliza, "Haya jamani, hawa tunasemaje?" Kama yupo mjumbe mmoja wa kujibu, "Hawa ni wale wa karanga, wanataka mashine, oda wanazo, na hela wanarudisha ndani ya mwaka na nusu," kikundi hicho kina mtetezi. Kama wote wanachokumbuka ni kwamba akina mama walivaa sare nzuri, faili linawekwa pembeni "kwa ajili ya kujiridhisha zaidi", na kujiridhisha huko sote tunajua kunachukua muda gani.

Siku hizi naandaa vikundi na wafanyabiashara wadogo kabla hawajaenda kwenye kamati za mikopo, benki, hoteli na supamaketi. Ninachowaambia siku ya kwanza ni hiki: huongei ili upigiwe makofi. Unaongea ili mtu mmoja mle ndani aweze kuyarudia maneno yako wewe ukiwa umeshapanda daladala. Mengine yote nitakayoeleza hapa yanatokana na hilo.

Nitatumia mfano wa kikundi kimoja cha wanawake watano wanaotengeneza siagi ya karanga. Waliomba mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba, ndiyo maana waombaji hawaishi. Hesabu zao nimezibadilisha kidogo ili zifuatike kirahisi.

Uliza kabla hujaandaa

Mpigie simu afisa maendeleo ya jamii au katibu wa kamati. Muulize mtapewa dakika ngapi, watakaa wajumbe wangapi, ukumbi una projekta au hauna, na muda wa marejesho unaoruhusiwa ni miezi mingapi. Watu wanaona aibu kuuliza, wanahisi wataonekana wanatafuta upendeleo. Hakuna upendeleo hapo. Katibu anafurahi akipata kikundi ambacho hakitamwomba waya wa projekta mbele ya wajumbe.

Ombi lako liwe sentensi ya tatu

Rasimu ya kwanza ya mama mwenyekiti wa kikundi ilianza hivi:

"Ndugu Mwenyekiti wa kamati, ndugu Katibu, ndugu wajumbe wote, wageni waalikwa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Awali ya yote napenda kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uhai na afya njema hata tukakutana siku ya leo. Kikundi chetu kilianzishwa mwaka 2019 kikiwa na wanachama kumi na wawili, kwa lengo la kujikwamua kiuchumi na kuinua kipato cha mwanamke..."

Kiswahili chake hakina kasoro. (Ila ukishawataja wote halafu ukasema itifaki imezingatiwa, umeizingatia mara mbili.) Hiyo ni hotuba, na hotuba tumezizoea tangu shule ya msingi. Shida yake ni saa. Hadi aifikie karanga, dakika tatu zimekwisha, na mjumbe aliyekaa pale tangu asubuhi ameshasikia "kujikwamua kiuchumi" kutoka kwa kila kikundi kilichotangulia. Mwangalie mkononi: kalamu imelala juu ya karatasi.

Tulikaa naye, tukaandika upya:

"Ndugu Mwenyekiti, ndugu wajumbe, habari za asubuhi. Sisi ni kikundi cha kutengeneza siagi ya karanga. Tunaomba shilingi milioni sita tununue mashine yetu ya kusaga. Sasa hivi tunauza chupa 300 kwa mwezi, na kila mwezi tunakataa oda za chupa 250, kwa sababu mashine tunayosagia ni ya kukodi na ina foleni. Tukiwa na ya kwetu tutauza zote 550, na mkopo tutaurejesha kwa miezi 18."

Mwisho wa sentensi hizo, nyamaza kidogo. Acha kalamu zifanye kazi. Ukimya wa sekunde tano mbele za watu unauona mrefu wewe peke yako.

Heshima haijapungua hapo. Mwenyekiti ametajwa, wajumbe wametajwa, salamu imetolewa. Kama mle ndani kuna mzee unayemfahamu, shikamoo yake mpe nje, kwenye korido, kabla kikao hakijaanza. Kumshukuru Mungu kwa sentensi moja hakuna anayekukataza. Na historia ya 2019, pamoja na wale saba waliojitoa, iweke tayari kwa atakayeuliza, kwa sababu lazima atatokea wa kuuliza.

Hesabu: shika chupa moja

Mjumbe hawezi kutoka na jedwali zima kichwani, lakini chupa moja ataibeba. Kwa hiyo kila ninayemwandaa namlazimisha aijue bidhaa yake moja, senti kwa senti, bila kuangalia karatasi.

Chupa ya gramu 400 wanaiuza kwa bei ya jumla shilingi 6,000. Karanga ni 2,600, chupa na kifuniko 900, kusaga na umeme 300, lebo 200, usafiri 200. Jumla 4,200. Zinabaki 1,800. Ukishalisema hilo, zidisha mbele yao: mara chupa 300 za sasa ni laki tano na elfu arobaini kwa mwezi, mara chupa 550 ni laki tisa na tisini.

Kazi hii ya kushika chupa moja ndiyo iliyofichua tatizo kwenye andiko lao. Walikuwa wameandika marejesho ya miezi 12, wakiamini muda mfupi utaifurahisha kamati. Milioni sita kwa miezi 12 ni laki tano kila mwezi. Toa laki tano kwenye laki tisa na tisini, zinabaki laki nne na tisini. Yaani wangefanya kazi karibu mara mbili kisha wabaki na pungufu ya wanachopata leo! Mjumbe mwenye kalkuleta ya simu angeliona hilo kabla hawajakaa. Kwa miezi 18 rejesho linashuka hadi laki tatu na elfu thelathini na kitu, na wao wanabaki na kama laki sita na nusu. Hapo ombi la miezi 18 halikuwa tena la kubembeleza, lilikuwa na sababu inayoonekana kwa macho.

Mdomoni sema namba kwa mkato, kama watu wanavyosema sokoni: milioni sita, laki tatu na kitu. Kwenye karatasi iandike kamili hadi shilingi ya mwisho. Anayesoma "Sh 333,333.33" kwa sauti mbele za watu anawapoteza, na anayeandika "kama laki tatu hivi" kwenye andiko hatoaminika.

Karatasi moja na chupa yenyewe

Slaidi sizipendi kwa vikao vya aina hii, nasema wazi. Umeme unakatika, waya hauingii kwenye kompyuta, na mtu akisimama kwenye mwanga wa projekta anageukia ukutani na kuanza kusoma. Kama mmelazimishwa, ziwe tano tu, kila moja iwe na jambo moja, maandishi yasomeke na mjumbe wa kiti cha nyuma bila kukunja uso. Kinachosaidia zaidi ni karatasi moja ya A4 kwa kila mjumbe: juu kabisa ombi kwa sentensi moja, katikati hesabu ya chupa moja, chini marejesho ya mwezi na namba ya simu ya mhazini. Profoma ya mashine, yaani karatasi ya bei kutoka kwa muuzaji, iambatanishwe nyuma. Ukishatoka, karatasi hiyo inabaki mezani, na atakayekusemea ataisoma neno kwa neno.

Halafu kuna chupa. Wengi wanaigawa mwanzoni ili kuchangamsha ukumbi. Usifanye hivyo. Chupa ikishaanza kuzunguka, mmoja anasoma lebo, mwingine anafungua kifuniko anusie, wa tatu anauliza kama mnaweka sukari, na wewe umebaki unaongea peke yako. Iweke mezani mbele yako, imefungwa, waione. Ukimaliza kueleza, kabla ya maswali, mwombe Mwenyekiti ruhusa, kisha toa chupa na mkate uliokwisha kukatwa. Wakati wanaonja, maswali yanakuja yakiwa na sauti ya upole. Hili nimeliona mara nyingi mno nisilitilie shaka.

Mazoezi

Kusoma rasimu kimoyomoyo ukiwa umekaa kitandani si mazoezi. Simama, weka simu mezani, rekodi. Anza na sauti tupu bila video, kwa sababu kwenye video utaangalia kilemba chako badala ya kusikiliza. Ukisikiliza, hesabu "yaani", "kwa kweli" na "kama nilivyosema". Hizo ndizo mahali unapotafuta cha kusema.

Kisha fanya jaribio ninalolitegemea kuliko yote. Mweleze mtu asiye wa kikundi, mara moja tu. Kesho yake muulize: tunaomba nini, kwa nini, tutalipaje? Akisema "si mnaomba hela ya karanga," rudini mezani. Wale akina mama walimweleza mama ntilie wa jirani na ofisi. Kesho yake, huku akipakua wali, akasema: "Mnataka mashine, maana foleni inawapotezea wateja." Sentensi yake ilikuwa nyepesi kuliko ya kwetu, tukaichukua ilivyo tukaiweka kwenye karatasi ya A4.

Jambo jingine ambalo vikundi hawaambiwi: gawaneni kazi. Mwenyekiti aeleze, mhazini ajibu ya hesabu, mwingine ajibu ya uzalishaji. Mtu mmoja akijibu kila kitu huku wenzake wanne wametazama sakafu, wajumbe wanaanza kujiuliza kama mbele yao kuna kikundi au kuna biashara ya mtu mmoja iliyokodi majina. Hofu hiyo ipo kwenye kila kamati niliyowahi kukaa, na haitamkwi mbele yenu.

Maswali ndipo mkopo unapopatikana

Maneno ya mwanzo umeyaandaa wewe, na wajumbe wanajua hivyo. Jibu la swali ndilo wanalolipima. Kanuni ni fupi: sikiliza hadi mwisho, toa jibu kwanza, sababu baadaye.

Mjumbe akiuliza, "Karanga zikipanda bei?" kuna jibu linalozunguka mbuyu: "Tunashukuru sana kwa swali zuri, mheshimiwa. Kama unavyofahamu, bei ya mazao hutegemea msimu na hali ya hewa..." Na kuna jibu la mhazini aliyeshika chupa moja: "Karanga za chupa moja zikitoka 2,600 zikafika 3,200, tutabaki na 1,200 badala ya 1,800. Kwa chupa 550 hiyo ni laki sita na sitini, na rejesho ni laki tatu na thelathini na kitu. Tutabana, lakini tutalipa. Na ili tusifike huko, tunanunua magunia baada ya mavuno, bei ikiwa chini."

Hapa Dodoma swali la sumukuvu, sumu inayotokana na kuvu kwenye mazao, halikwepeki. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na karanga nazo zinaipata zisipokaushwa vizuri. Atakayeuliza si mkorofi. Jibu liwe la vitendo: mnanunua wapi, mnakausha juu ya nini, nani anachambua punje zilizooza au kubadilika rangi, na cheti cha vipimo hiki hapa. Ukikosa cheti, sema mnategemea kukipata lini na wapi. Kusema "za kwetu ni nzuri, tunazila wenyewe" hakumtoshi mtu anayekumbuka mwaka ule.

Halafu kuna swali ambalo si swali. Mzee mmoja anaegemea kiti na kusema, "Vikundi vya siku hizi mnachukua hela mnagawana." Ukianza kujitetea, mmeshaingia kwenye mabishano, na wajumbe wenzake watakaa upande wake. Mkubalie lililo kweli kisha mpe kitu cha kushika: "Ni kweli mzee, wapo waliofanya hivyo. Sisi tunaomba hela isipite mikononi mwetu kabisa, ilipwe moja kwa moja kwa muuza mashine. Profoma yake imeambatanishwa nyuma ya karatasi hiyo." Nimewahi kumsikia mzee wa namna hiyo, mlango ulipofungwa, akiwa wa kwanza kusema, "Hawa angalau hela hawaigusi."

Usilolijua, usilibuni. "Namba hiyo sinayo hapa, mhazini ataileta ofisini Ijumaa kabla ya saa sita mchana." Kisha ipelekwe kweli, Ijumaa, kabla ya saa sita.

Mbele ya hoteli au supamaketi

Hapa mambo yanageuka. Meneja wa manunuzi hana haja na mashine yenu wala na safari yenu ya maisha. Anataka kujua kama rafu yake itabaki tupu. Anza na ahadi unayoweza kuitimiza: "Tunaweza kukuletea katoni kumi kila Jumatatu kabla ya saa tatu asubuhi, chupa shilingi 6,000, na itakayoharibika tunabadilisha." Atauliza nembo ya TBS (Shirika la Viwango), bakodi (zilizosajiliwa Tanzania huanza na 620), muda wa matumizi, na risiti ya EFD, ile mashine ya kodi. Kuwa navyo mkononi, si "vinashughulikiwa".

Na wewe uliza lako: malipo ni baada ya siku ngapi? Akisema 60, piga hesabu kabla hujatikisa kichwa. Chupa 300 kwa mwezi, miezi miwili, kila moja imekugharimu 4,200: hizo ni zaidi ya milioni mbili na nusu zako zimelala kwake. Omba 30, au anza na katoni chache. Kukubali oda usiyoweza kuigharamia kunaua biashara haraka kuliko kuikosa.

Meneja akianza kwa Kiingereza na chako kinachechemea, sema tu, "Naomba nieleze kwa Kiswahili nisije nikakosea namba." Sijaona aliyekataa. Na mkipanga miadi kwa ujumbe na mgeni, andika saa zote mbili. Ukimwandikia "saa 4" peke yake, asiyesoma saa kwa Kiswahili atafika saa 10 jioni na kukuta umeshafunga.

Jioni ya siku hiyo

Tuma ujumbe wa maandishi siku hiyo hiyo, si sauti ya dakika nne ya WhatsApp. Katibu hawezi kuisikilizisha kamati nzima sauti yako, ila maandishi atayatuma kwa Mwenyekiti kwa kidole kimoja. Ule wa kikundi cha karanga ulikuwa hivi:

"Habari za jioni ndugu Katibu. Sisi ni kikundi cha siagi ya karanga tuliofika leo saa 4 asubuhi kuomba Sh 6,000,000 za mashine. Tunashukuru kwa kutusikiliza. Mliuliza kuhusu vipimo vya karanga, cheti nimekiambatanisha. Bei ya mashine kwenye profoma inaisha muda wake tarehe 30. Kwa lolote la hesabu, mhazini anapatikana kwa namba iliyo kwenye karatasi yetu."

Faili lenyewe lipe jina linalojieleza. "Scan0023" litapotea kwenye simu ya katibu kabla ya usiku kuingia; "Cheti cha vipimo" pamoja na jina la kikundi litapatikana hata baada ya mwezi. Vivyo hivyo kwenye barua rasmi: mstari wa YAH ndio unaosomwa na wengi kuliko barua nzima, basi ubebe ombi lote. "YAH: MAOMBI YA MKOPO WA SH 6,000,000 KUNUNUA MASHINE YA KUSAGA KARANGA" inamwambia masijala faili liende wapi. "YAH: MAOMBI" haimwambii kitu. "Husika na kichwa cha habari hapo juu" iache kama umeizoea, mradi sentensi inayofuata iwe na kazi.

Mkikataliwa, nenda ofisini uulize kipi kilipungua na kamati inakaa lini tena. Jibu la kwanza huwa la jumla, "andiko halijakidhi vigezo". Uliza kwa adabu ni kigezo gani. Afisa akilifungua faili mbele yako atakuonyesha palipowekwa alama, na mara nyingi ni jambo la kumalizwa ndani ya wiki: muhtasari wa kikao haujasainiwa na wote, au jina kwenye akaunti ya benki halifanani na la kwenye cheti cha usajili.